Sekunde Kumi na Moja Mlangoni

Asubuhi ya siku ya tisa nilimkuta tena Aidani Kyando kwenye benchi la nje, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, mikono kaibana katikati ya mapaja. Baridi ya Makambako ya mwezi wa saba haina mchezo, na benchi lile ni la chuma.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Umekuja tena."

"Nimekuja. Leo labda watanijibu."

"Anayejibu ni mashine, Aidani. Mashine haichoki. Utachoka wewe."

"Mimi sina kazi," akasema. "Mtu asiye na kazi anachokeshwa na nini?"

Nikafungua lango nikampita. Swali lake nililijua. Alitaka kuambiwa alikosea wapi. Kila siku aliandika swali hilo kwenye kioo cha mapokezi, na kila siku kioo kilimjibu sentensi ileile: Hukuonyesha utayari. Aliuliza utayari gani, kikarudia.

Mimi naitwa Zabroni Nyagawa, fundi seremala. Shule niliishia darasa la sita nikashika randa. Jengo la Utayari lilipoletwa mjini kwetu miaka minne iliyopita nilipewa kazi ya milango na rafu, kisha nikaachwa hapo kuwa mtunzaji. Nafungia vijana ndani, nawaangalia kupitia kioo, na mtu akizidiwa navuta mpini wa dharura. Hiyo ndiyo kazi yangu yote.

Saa mbili waliingia wanne wa siku hiyo, wasichana watatu na mvulana mmoja. Niliwafungia katika Chumba cha Ghala. Ndani kuna rafu, maboksi, mizani, orodha ya bidhaa isiyolingana na kilichopo, na simu ambayo mteja mwenye hasira hupiga kila baada ya dakika chache. Wana dakika hamsini. Wakipata mzigo uliopotea, wakimtuliza mteja, wakasawazisha orodha, wanapata tarakimu sita za kufungua mlango wa mwisho. Maswali hayatungwi na mtu. Chumba chenyewe kinawatazama na kuwatungia. Ukiwa mwepesi wa hesabu kinakuletea mteja mkorofi zaidi. Ukiwa na ulimi mzuri kinakupa hesabu.

Wakishatoka, kila mmoja anapewa karatasi: Yuko Tayari, au Hajawa Tayari. Siku hizi hakuna mwajiri anayekutazama bila karatasi hiyo. Ukikataliwa unasubiri miaka miwili, na ukishafika ishirini na tano huingii tena. Aidani alikuwa na ishirini na nne.

Nilikuwepo siku aliyoingia, mwezi wa nne. Ndiyo maana nilimpita haraka pale kwenye benchi. Dakika kumi na tisa tu na alikuwa amemaliza kila kitu. Mzigo ameupata yeye, orodha kaisawazisha yeye, mteja alimwita mjomba mpaka mteja akacheka. Wenzake walikuwa wanampokelea maboksi tu. Mlango ulipolia klik, yeye hakwenda mlangoni. Alirudi nyuma kupanga maboksi kwenye rafu, kwa sababu bibi aliyemlea huko Ukinga alimfundisha kwamba huondoki kwa watu na kuacha vurugu. Aliyeshika kitasa akafungua ni msichana aliyekuwa karibu, mikono mitupu.

Yule msichana alipewa Yuko Tayari. Aidani na wale wengine wawili, Hajawa Tayari.

Yule msichana ni Vumilia, binti yangu.

*

Mhandisi Thuwaiba Khatibu alifika saa nne kutoka Dodoma. Ni mtu wa Pemba, wa miaka kama thelathini na mitano, alikuwa amejifunga shuka juu ya koti na bado anatetemeka.

"Shikamoo, mzee wangu. Mnaishije na baridi hii?"

"Marahaba. Tunaishi. Karibu."

Alikataa chai. Alikwenda moja kwa moja Chumba cha Ghala, kilikuwa kimeshakuwa kitupu, akasimama katikati akiwa na kibao chake cha kioo mkononi.

"Nimekuja kwa sababu Makambako imeharibika," akasema.

"Imeharibika nini? Kila kitu kinafanya kazi."

"Sikia. Nchi nzima vipo vyumba themanini na sita. Vyote vimenakili akili ya hiki, kwa sababu hiki ndicho kilichokuwa cha majaribio. Sawa? Lakini vijana waliotoka hapa kwenu ndio waajiri wanaowasifia. Hawaachi kazi, hawagombani, wanabeba wenzao. Wa kwingineko wanapewa karatasi ileile na baada ya miezi mitatu mwajiri anapiga simu analalamika. Miaka mitatu nimeumiza kichwa, kwa nini Makambako tu. Halafu tangu mwezi wa nne, na nyinyi mmekuwa kama wengine. Umegusa kitu humu, mzee Zabroni?"

Ukutani kuna tangazo: Usiguse wala kurekebisha chochote bila kibali. Mimi mwenyewe ndiye niliyelipigilia misumari.

"Nimepiga randa mlango," nikasema.

"Mlango gani?"

"Huo wa mwisho. Ulikuwa unakwama."

Alinitazama kama vile nimesema kwa lugha nyingine. Ikabidi nimweleze kuanzia mwanzo, na mwanzo wenyewe ni aibu. Nilipoagizwa milango ile niliambiwa nina miezi mitano. Baadaye mkubwa mmoja wa kukata utepe akabadilisha safari yake, miezi mitano ikawa wiki tatu. Mbao za paini zilikuwa bado mbichi, ukizikandamiza kidole kinalowa. Nikazitumia hivyohivyo. Mbao mbichi ikikaukia kwenye fremu inapinda, na ule mlango ulipinda kona ya juu. Kitasa kinaachia, lakini mlango unashika. Miaka minne kila kundi lililotoka lilibidi lisukume.

"Na hukusema?"

"Nilisema. Nikaonyeshwa tangazo."

"Sasa kwa nini mwezi wa nne?"

Hilo nalo ni la aibu. Kijana mmoja alikuwa anausukuma kwa bega, akawauliza wenzake, hivi fundi wa mlango huu alisomea useremala au alisomea upishi? Walicheka wote wanne. Mimi niko nyuma ya kioo nasikia. Niliona kama nimevuliwa nguo sokoni. Jumapili yake nikaja na randa, nikauteremsha kwenye bawaba, nikautoa milimita tatu kona ya juu, nikaurudisha. Ukawa unafunguka kwa kidole kimoja. Nilijisikia vizuri sana.

Mhandisi Thuwaiba alikwenda akaufungua kwa kidole kimoja. Akaufunga. Akaufungua tena. Kisha akakaa juu ya boksi na kuanza kuchezesha vidole kwenye kibao. Alikaa hivyo muda mrefu nikadhani amenisahau.

"Njoo uone," akasema. "Mimi mwenyewe sijui kama naona sawasawa."

Kwenye kioo kulikuwa na mistari mingi yenye majina. Uvumilivu, hesabu, lugha, kupanga muda. Yote ilikuwa mifupi kama kucha. Mmoja tu ulikuwa mrefu, unaotoka kwenye kioo na kuendelea, na huo haukuwa na jina. Kulikuwa na namba tu.

"Hiki chumba hatukukiambia kitazame nini," akasema. "Tulikipa vijana wa mwaka wa kwanza na habari zao za kazini baadaye, tukakiambia tafuta mwenyewe kinachowatofautisha. Kikatafuta. Kikapata hicho. Ni sekunde kumi na moja, tangu kitasa kulia mpaka mlango kufunguka. Kiliona kwamba pale ndipo mtu anajulikana. Nani anawaita wenzake tusukume pamoja, nani analaumu, nani anakaa pembeni. Mengine yote ya humu ndani, mzigo, mteja, orodha, kimeyaacha kama mapambo."

"Basi kilikuwa na akili," nikasema.

"Kilikuwa na mlango wako mbovu. Sasa nimekinakili nikakipeleka Lindi, Kigoma, Musoma. Kule milango ni ya alumini. Haikwami. Sekunde kumi na moja hazipo, ipo nusu sekunde. Na katika nusu sekunde hiyo kuna mtu mmoja tu anayegusa mlango. Kumbe kimekuwa kikimpa yeye. Yeyote aliyeshika kitasa."

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu. Watu elfu arobaini."

Nilitaka kukaa lakini maboksi ya karibu yalikuwa matupu, yangebonyea. Nikamuuliza swali la mtu wa darasa la sita: sasa nani yuko tayari na nani hayuko?

"Wallahi sijui, mzee wangu."

Nilimwona usoni, hakuwa anajificha. Alikuwa hajui kweli. Hilo lilinitisha kuliko mistari yake, kwa sababu siku zote nilidhani huko Dodoma kuna mtu anayejua.

*

Tulikunywa chai baada ya hapo, alikuwa ameshaikubali. Alizungusha kikombe mikononi.

"Unaweza kutengeneza milango mibovu themanini na sita?" akaniuliza.

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

"Tunaiweka kila mahali," akasema. "Mmoja mmoja, kimyakimya, tunasema ni matengenezo. Sekunde kumi na moja zinarudi, chumba kinaanza kuhukumu sawasawa. Kuanzia hapo kila anayepita anapimwa kwa haki. Kazi hiyo ni yako, mkataba nitaupitisha mimi."

"Mimi nimefundishwa kutengeneza mlango unaofunguka."

"Najua."

"Na waliokwisha kupita?"

"Waliokubaliwa wako kazini. Waliokataliwa watarudi baada ya miaka miwili."

"Yule uliyempita kwenye benchi hatarudi. Ana ishirini na nne."

Akatazama dirishani, kisha kikombeni.

"Mzee Zabroni, tukisema, vyeti vyote vinafutwa. Vyote, hata vya hapa kwenu vya zamani, kwa sababu hakuna atakayeviamini tena. Watu elfu arobaini wanaamka asubuhi hawana kazi. Wana watoto, wana nyumba za kupanga. Tukinyamaza, waliodhulumiwa wanabaki wamedhulumiwa lakini hawaongezeki. Nipimie wewe, ipi nzito?"

"Mimi napima mbao."

Alitoa fomu kwenye mkoba. Ilikuwa na mistari michache: kwamba mlango wa Makambako tangu mwanzo ulitengenezwa kwa makusudi kuwa kizuizi, na kwamba uliguswa kwa bahati mbaya na utarudishwa. Pa kusaini palikuwa pamewekwa alama ya x.

"Kesho saa nne napita kuichukua," akasema. "Hata mimi sijalala vizuri tangu niyaone matokeo ya mwezi wa tano. Nikipata mtu wa kunionyesha njia ya tatu nitamfuata. Mimi ndiye niliyekinakili, unaelewa? Mkono wangu huu."

Alipotoka, Aidani aliinuka kutoka kwenye benchi akamsalimia kwa heshima. Mhandisi aliitikia bila kumtazama.

*

Vumilia anafanya kazi ghala la chanjo, kule nyuma ya stendi. Anapokea chanjo, anazipanga kwenye mafriji, na anazipakia kwenye ndege ndogo zisizo na rubani zinazokwenda vijijini Wanging'ombe na Ludewa. Mezani jioni hiyo kulikuwa na ugali na njegere, na alikuwa anasimulia jinsi ndege moja ilivyorudi na kuku amefungwa pale pa kuwekea dawa. Mganga wa zahanati kaamua kuwapa shukrani.

"Tumeambiwa tumrudishe," akasema. "Sasa tumrudishe vipi? Aruke tena?"

Mama yake alicheka mpaka akaweka tonge chini. Mimi nilicheka kidogo. Vumilia ananijua.

"Baba una nini?"

Nilimsubiri mama yake aende kwa jirani kuchukua maziwa, kisha nikamweleza. Sikuzunguka. Nikamwambia mlango, randa, kitasa, Aidani, fomu. Aliacha kula katikati ya maelezo.

"Mimi nilikishika kwa sababu mikono yangu ilikuwa mitupu," akasema baadaye. "Aidani alikuwa amebeba maboksi. Nilifikiri, ngoja nimfungulie."

"Nilikuona."

"Siku ile nilipopewa karatasi, nilijiuliza nimefanya nini. Wewe ukaniambia chumba kinaona tusichokiona."

"Nilisema hivyo."

"Nikakuamini. Nikaanza kufanya kama mtu aliye tayari. Mwezi wa kwanza kazini nilikuwa nasema, chumba kimeona, usiogope. Sasa kazi naijua, baba. Kweli naijua. Wiki iliyopita friji la tatu lilipanda joto, mimi ndiye niliyegundua. Au ningegundua hata bila karatasi. Au yeye angegundua mapema zaidi. Tutajuaje?"

"Sijui."

"Wewe leo hujui chochote."

"Mwanangu, nisaini au nisisaini?"

Hapo alinyanyuka akaanza kukusanya vyombo, na sahani yangu ilikuwa bado na chakula.

"Usiniulize mimi," akasema. "Ukiniuliza mimi umenibebesha mimi. Nikisema saini, nimemwibia Aidani. Nikisema usisaini, kesho nakuja kukaa kwenye benchi lenu, na elfu arobaini wengine hata hawajaulizwa. Wewe ndiye uliyeugusa mlango."

Alioshea vyombo nje kwenye baridi ile, na alikaa huko muda mrefu kuliko vyombo vyenyewe. Mama yake aliporudi na maziwa akauliza nimemfanyia nini mtoto. Nikasema sijui, na lilikuwa jibu la kweli la siku nzima.

*

Asubuhi nilikwenda na fomu mfukoni na kalamu. Njiani nilikuwa nimeamua kusaini. Hesabu ya mhandisi ilikuwa na maana: elfu arobaini kwa upande mmoja, na upande wa pili watu ambao hata wenyewe hawajui kwamba wamedhulumiwa. Asiyejua haumii. Nilijiambia hivyo mpaka langoni.

Aidani alikuwa kwenye benchi, siku ya kumi.

"Kamwene, baba. Jana usiku nimefikiri," akasema. "Nadhani ni sauti. Nilimwita mteja mjomba. Labda kazini hawataki ujomba. Nimeanza kufanya mazoezi ya kusema ndugu mteja."

"Aidani."

"Au nilikwenda haraka mno. Dakika kumi na tisa, labda inaonekana majivuno. Nikipata nafasi nitajichelewesha."

Niliona anachofanya. Alikuwa anajipiga randa mwenyewe. Kila siku anatoa kipande chake kizuri anakitupa, akidhani ndicho kinachokwama. Akiachwa kwenye benchi lile mwezi mmoja zaidi asingebaki na kitu.

Nikakaa karibu naye. Chuma kilikuwa kama barafu.

"Hukukosea kitu," nikamwambia. "Kosa ni la mlango. Mlango niliutengeneza mimi."

Nilimweleza yote. Alisikiliza akiangalia viatu vyake. Nilipomaliza alicheka kidogo, bila furaha.

"Kwa hiyo nimefeli kwa kupanga maboksi."

"Hukufeli."

"Karatasi inasema nimefeli."

"Karatasi inadanganya."

"Na ya aliyeshika kitasa?"

"Nayo."

"Alikuwa nani?"

"Ulikuwepo, Aidani. Unamjua."

"Namjua. Nataka useme wewe."

Kulikuwa na watu wanapita barabarani na mwanamke mmoja anauza vitumbua upande wa pili. Hakuna aliyetusikia, lakini nilishusha sauti.

"Vumilia. Binti yangu."

"Asante," akasema. Kisha, "Andika."

"Niandike nini?"

"Hayohayo. Mdomo wako hautanisaidia Dodoma. Andika na jina lake uliandike, lisipokuwepo watasema umesikia kwa watu."

Nikaitoa ile fomu, nikaigeuza upande wa nyuma, nikaandika juu ya paja. Mwandiko wangu ni mbaya na ninakwenda polepole. Nikaandika mbao mbichi, nikaandika milimita tatu, nikaandika tarehe. Nilipofika kwenye jina la mwanangu kalamu ilisimama, nikafikiri imeisha wino. Haikuwa imeisha. Nikaandika.

Aidani alikuwa bado anaisoma gari la mhandisi lilipofika. Thuwaiba alishuka, akatuona tumekaa pamoja, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Alinyoosha mkono.

"Nipe nisome."

"Soma, dada, lakini siiachii," Aidani akasema. Akaishika kwa mikono miwili, naye mhandisi akainama akasoma hapohapo, shuka yake ikimgusa magotini. Alisoma mara mbili. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyepotea njia ambaye gari limemzimikia, na sasa hana budi kushuka.

"Binti yako anajua?" akaniuliza.

"Atajua sasa hivi."

Nikampigia Vumilia palepale, nikatangulia kusema nimeandika, na jina lake limo. Kwa muda nilisikia tu mngurumo wa mafriji.

"Yupo hapo?" akauliza. "Mpe simu."

Aidani aliipokea kwa mkono mmoja, karatasi ameikaza kwa mwingine. Alisikiliza kwa muda mrefu. Mimi na mhandisi tulikuwa tunamtazama uso, tukijaribu kusoma kitu, na hatukuona kitu.

"Hapana," akasema hatimaye. "Usifunge ghala. Usimpe mlinzi funguo, mlinzi atajua nini? Umesema kuna ndege ya saa sita, basi ipakie hiyo ndege. Watoto wanasubiri huko. Ukae mpaka apatikane wa kukupokea." Akasikiliza tena. "Sijui nani. Hata wao hapa hawajui. Wewe kaa."

Kisha akanirudishia simu, akaikunja karatasi mara nne, na kuiingiza ndani ya kofia.